Saa za Baba Daktari

Daktari mwenye watoto hudaiwa pande tatu kwa wakati mmoja. Nyumbani anadaiwa matunzo na kuwapo. Hospitalini anadaiwa kuitika anapoitwa. Nafsi yake nayo inamdai asiuze kile alichoapa kukitoa kwa haki. Mara nyingi mambo haya huzungumzwa kana kwamba ni vita vya moyoni tu: mpenda fedha atakimbilia mjini, mpenda watoto atakataa zamu, mwenye maadili atavumilia. Ukiyafuatilia kwa karibu utaona kwamba yote matatu hulipwa kwa saa. Fedha ya ziada hupatikana kwa kuuza saa za ziada. Mgonjwa wa usiku hutibiwa kwa saa za usingizi. Mtoto hulelewa kwa saa za jioni, zile za kati ya chakula na kulala. Penye madaktari wa kutosha saa hizo hupangika. Penye upungufu, hakuna wema wa mtu mmoja unaoweza kuzigawa zikatosha, na baba mwenye nia njema kabisa hujikuta anamkosea mtu fulani kila siku.

Mkoa wa Simiyu unalionyesha jambo hili waziwazi. Ulianzishwa Machi 2012, makao makuu yakiwa Bariadi, kwa kuchukua eneo lililokuwa la Shinyanga pamoja na Busega iliyotoka Mwanza. Sensa ya 2022 ilikuta humo zaidi ya watu milioni 2, wengi wao wakiwa wakulima wa pamba, mahindi, mtama, choroko na viazi vitamu, na wafugaji wa ng'ombe. Shishiyu, kata ya wilaya ya Maswa, imo katika nchi hiyo ya pamba. Mgonjwa wa huko hupanda ngazi zilezile za Tanzania nzima: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa iliyoko Bariadi, na ikishindikana Bugando, Mwanza, hospitali iliyofunguliwa 1971. Mpango wa Maendeleo wa Afya ya Msingi, MMAM, ulioanza 2007, ulilenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya. Majengo yameongezeka sana tangu hapo. Watu wa kuyafanyia kazi wameongezeka kwa mwendo wa taratibu zaidi. Ngazi za chini hushikwa na wauguzi na matabibu, ambao wananchi huwaita wote "dokta", na kwa habari ya malezi wananchi hawakosei. Tabibu aliye peke yake kwenye zahanati hana wa kumpokea zamu, na kwa upande huo hali yake ni ngumu kuliko ya daktari bingwa wa mjini.

Uganga wa asili wa Usukuma, ambamo Simiyu imo, haukumtenga mtu na watoto wake. Nfumu, yaani mganga, alifanyia kazi kwake. Wagonjwa walikuja na kulala kwenye mji wake, wanafunzi wake waliishi humohumo, na mtoto alikua akiona dawa inavyochimbwa, inavyotwangwa na inavyotolewa. Aliyerithi kazi aliirithi kwa kuiona. Ubaba na tiba vilikaa chini ya paa moja, na mtu hakulazimika kutoka katika kimoja ili aingie kingine. Hospitali ilivitenganisha. Ilileta upasuaji, chanjo na damu ya kuongezewa, mambo ambayo hakuna mtu mwenye akili anayetaka kuyarudisha yalikotoka, lakini pamoja nayo ilileta mlango wa wodi ambao mtoto haruhusiwi kuupita. Mtoto wa daktari anaijua kazi ya baba yake kwa jambo moja tu, kwamba hayupo.

Desturi nyingine ya Wasukuma ina nguvu hadi leo. Hans Cory, aliyeziandika sheria za mila za Kisukuma kwa ajili ya serikali ya kikoloni na kuzichapisha 1953, alieleza jinsi ubaba ulivyofungamana na mahari. Ng'ombe waliotolewa ndio waliompa mwanamume haki juu ya watoto. Mahari yasipolipwa, watoto walihesabiwa kwa upande wa mama. Baba, kwa maana hiyo, ni aliyelipa. Ng'ombe wamepungua katika hesabu za watumishi wa serikali, ila wazo lenyewe limebaki na kuhamia kwenye ada. Mwanamume anayelipa shule ya bweni yenye kufundisha kwa Kiingereza, akalipa bima, akajenga, akatuma fedha kwa wazazi wake, huhesabiwa kuwa ametimiza. Hakuna mwanaukoo atakayemuuliza ni lini mara ya mwisho alikaa na mtoto akamsikiliza akisoma. Kwa daktari kipimo hiki ni cha hatari kuliko kwa mtu mwingine, kwa sababu kinamruhusu aendelee kuuza saa zake akiamini ndiyo malezi yenyewe.

Umri nao unachangia. Shahada ya udaktari Tanzania huchukua miaka 5, ikifuatwa na mwaka 1 wa utarajali. Baada ya hapo kuna kungoja ajira, na kungoja huko kumekuwa kurefu: tangu serikali ilipositisha ajira mpya 2016 wakati wa uhakiki wa watumishi hewa na vyeti, nchi yenye upungufu wa madaktari imekuwa na madaktari vijana wasio na kazi, wengine wakijitolea kwa posho ndogo. Anayepata kituo hukipata akikaribia miaka 30, wakati uleule anaooa na kupata mtoto wa kwanza. Akitaka ubingwa, ni miaka mingine 3 au zaidi ya masomo, Muhimbili, Bugando, KCMC au Dodoma, na masomo hayo huangukia katika miaka ambayo mtoto anajifunza kutembea, kuongea na kuanza shule. Mkulima wa Shishiyu wa umri huo ana watoto wanaomfuata shambani. Daktari ana watoto anaowaona kwenye simu.

Fedha yenyewe inafaa itazamwe kwenye karatasi ya mshahara, mstari kwa mstari, kwa sababu watu wengi hudhani daktari ni tajiri kwa kuwa ni daktari. Katika kila shilingi 100 za mshahara wa msingi wa daktari wa serikali aliyesomeshwa kwa mkopo, 15 zinakwenda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, kiwango kilichopandishwa kutoka 8 mwaka 2016. Shilingi 5 zinakwenda PSSSF kwa ajili ya pensheni, 3 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Hizo ni 23, na kodi bado. Kodi ya mapato hupanda kwa ngazi hadi asilimia 30 kwa sehemu ya kipato inayozidi shilingi milioni 1 kwa mwezi. Akiwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi, mchango wake nao unakatwa. Akiwa amekopa benki ili ajenge au anunue pikipiki ya kufikia kituo, rejesho linatangulia kabla hajaugusa mshahara. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa kati ya nyumba yake, wazazi waliouza ng'ombe ili asome, wadogo zake walio shuleni, na michango ya harusi na misiba. Mwaka 2021 serikali iliondoa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, na wengi walipata nafuu ya kuona deni likipungua badala ya kuongezeka kila mwaka. Lakini makato ya 15 yapo palepale, na yanakatwa katika miaka ileile ambayo watoto ni wadogo.

Hapo ndipo kazi ya pembeni inapoingia. Historia yake nchini ni ndefu na ina uzito wa kimaadili. Azimio la Arusha la 1967 liliwawekea viongozi miiko, mmojawapo ukiwa kutokuwa na mishahara miwili. Miaka 10 baadaye sheria ya 1977 ya kusimamia hospitali binafsi ilipiga marufuku tiba ya biashara, ikayaacha mashirika ya dini na ya hisani. Fikra iliyokuwa nyuma yake ilikuwa safi: ugonjwa usiwe mtaji wa mtu. Matokeo yake hayakuwa safi kiasi hicho. Mishahara ya miaka ya 1980 ilimomonyoka kwa mfumuko wa bei, dawa zikaadimika, na madaktari kadhaa wakaondoka kwenda Botswana, Zimbabwe na nchi nyingine za kusini. Waliobaki walilima, walifuga kuku, wake zao waliuza maandazi na vitambaa. Mwaka 1991 sheria ilibadilishwa na tiba binafsi ikaruhusiwa tena. Mwaka huohuo Azimio la Zanzibar lililegeza miiko ya viongozi. Tangu hapo daktari wa serikali anayemaliza kazi saa tisa na nusu alasiri na kwenda kuona wagonjwa katika hospitali binafsi hadi usiku si mvunja sheria. Ni baba anayetafuta ada.

Tofauti ya mji na wilaya inaonekana vizuri hapa. Dar es Salaam, Arusha au Mwanza, daktari ana hospitali binafsi kadhaa za kumpa kazi ya jioni. Anaweza kuongeza kipato na kukosa watoto. Katika wilaya za Simiyu kama Maswa au Meatu, hospitali za namna hiyo ni chache mno. Anaweza kukosa vyote viwili, kipato kwa sababu hakuna pa kukiongezea, na watoto kwa sababu wamebaki mjini kwenye shule. Hii ni sababu mojawapo iliyo wazi ya madaktari kuomba uhamisho baada ya muda mfupi vijijini, na si haki kuiita tamaa. Anayelaumiwa kwa kukimbia kijiji mara nyingi anakimbilia watoto wake.

Lakini kazi ya pembeni ina mpaka, na mpaka huo hauko mahali ambapo sheria imeuweka. Saa za kwanza inazokula ni za mtoto. Zikiisha, inaanza kula za mgonjwa: raundi ya asubuhi inaharakishwa, upasuaji wa kupangwa unasogezwa, mgonjwa wa hospitali ya umma anaambiwa aje jioni kule kwingine. Daktari anayefika hapo hajabadilika kwa siku moja. Amefika kwa hatua ndogo ndogo, kila moja ikiwa na sababu ya kuheshimika, na mara nyingi sababu yenyewe ni mtoto. Duka la dawa ndilo mfano mgumu kuliko yote. Maduka ya dawa muhimu, yaliyoanza kwa majaribio Ruvuma 2003 na kuenea nchini, yamesaidia sana vijiji vilivyokuwa vikinunua dawa kiholela. Mtumishi wa afya kuwa na duka si kosa kwa lenyewe. Tatizo linaanza pale dawa inapokosekana hospitalini na mwandikaji wa dawa ndiye mwenye duka la ng'ambo ya barabara. Hata akiwa mwaminifu, mgonjwa hana njia ya kujua, na hiyo inatosha kuuharibu uhusiano wao.

Zawadi ni jambo jingine, na hapa watu wa mjini hukosea wanapolihukumu kwa haraka. Mama aliyejifungua salama, au mzee aliyetolewa henia, hurudi baada ya wiki kadhaa na kuku aliyefungwa miguu, au kiroba cha michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, au matobolwa, vile vilivyochemshwa kwanza. Kukataa ni kumwambia kwamba shukrani yake ni ndogo au ni chafu. Utamaduni wenyewe una kipimo kizuri cha kutenganisha asante na rushwa: asante huja baada ya kupona, huletwa mchana, na hutolewa mbele ya watu. Bahasha hutangulia matibabu na hupita chini ya meza. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 haikuandikwa kwa ajili ya michembe. Iliandikwa kwa ajili ya yule anayemwacha mjamzito kwenye benchi hadi ndugu wauze mbuzi. Mtoto wa daktari naye anaona kinacholetwa nyumbani, na anajua mapema kuliko wazazi wanavyofikiri kama kinapokelewa sebuleni au kinafichwa.

Kuna mlango wa tatu wa fedha, semina. Posho ya siku chache za warsha mjini inaweza kuzidi kile ambacho zamu nyingi za usiku zingeingiza, tena pasipo damu wala vilio. Wapangaji wa miradi wanalijua hilo na wanaendelea kuita. Kila semina ya siku 5 inayomwondoa daktari wilayani ni siku 5 ambazo mwenzake anashika zamu mbili, na watoto wawili wa familia tofauti hukosa baba zao kwa wiki moja: mmoja kwa sababu baba amesafiri, mwingine kwa sababu baba yupo na hayupo.

Mwaka uleule Simiyu ilipoanzishwa, suala la mshahara na dhamiri lilitoka hadharani kwa namna ambayo Tanzania haikuwahi kuona. Mapema 2012 madaktari waligoma, wakarudi kazini Februari baada ya mazungumzo na serikali ya Waziri Mkuu Mizengo Pinda, kisha wakagoma tena Juni. Walidai mshahara wa kuanzia wa shilingi milioni 3.5, posho ya kuitwa kazini na ya mazingira magumu, nyumba, na pia vifaa na dawa kwa ajili ya wagonjwa. Usiku wa Juni 26 mwenyekiti wa kamati yao, Dkt. Steven Ulimboka, alitekwa, akapigwa na kutupwa msitu wa Mabwepande nje ya Dar es Salaam. Alinusurika na kupelekwa kutibiwa Afrika Kusini. Watarajali wengi waliogoma waliondolewa vituoni. Wagonjwa walirudishwa makwao, na walioumia zaidi ni wale wasioweza kulipia hospitali binafsi. Yapo mambo mawili ya kweli kuhusu mgomo ule na hakuna haja ya kuchagua moja. Daktari anayeacha wodi anavunja kitu kikubwa. Na serikali inayotegemea daktari ashindwe kuacha wodi, ikaitumia dhamiri yake kama sababu ya kutomlipa, inavunja kitu kikubwa vilevile. Dhamiri ya mtu haipaswi kuwa fungu la bajeti.

Kenya ilipita njia hiyohiyo kwa muda mrefu zaidi. Madaktari wake waligoma siku 100, kuanzia Desemba 5, 2016 hadi Machi 14, 2017, wakitaka makubaliano ya 2013 yatekelezwe, na viongozi wa chama chao walifungwa jela kwa muda mwezi Februari. Kenya iliomba madaktari 500 kutoka Tanzania. Madaktari wa Kenya wakaenda mahakamani kupinga. Rais John Magufuli akaagiza 258 waliokuwa wamejitokeza kwenda Kenya waajiriwe nyumbani. Agizo hilo liliwafurahisha wengi, na lilionyesha pia kwamba madaktari walikuwapo siku zote, tayari kabisa, wakingoja barua. Kila barua iliyochelewa ilikuwa zamu za ziada kwa baba mwingine aliyekuwa tayari kazini.

Usiku mmoja wa masika katika hospitali ya wilaya unaeleza zaidi ya takwimu. Mjamzito anatoka kijijini baada ya saa nyingi za uchungu usioendelea. Udongo wa mbuga, ule mweusi unaoipenda pamba, ukinyeshewa hunata na kukamata magurudumu, hivyo gari limechelewa. Saa tatu usiku simu ya daktari wa zamu inaita. Mtoto wake wa darasa la pili yuko mezani na hesabu za kukopa zilizomshinda. Baba alikuwa amemwahidi. Anavaa viatu. Hospitalini mapigo ya moyo wa kichanga yameanza kushuka, mtaalamu wa usingizi amepatikana, damu ya kundi linalotakiwa bado inatafutwa kwa ndugu. Upasuaji unakwisha karibu na saa sita. Kichanga kinalia. Kabla hajavua glavu, muuguzi anamwambia kuna majeruhi wa bodaboda mapokezi. Anarudi nyumbani alfajiri, analala kwa saa mbili tu, na saa moja na nusu asubuhi yuko kwenye kikao cha kupokezana wagonjwa. Mtoto amekwenda shule na hesabu zake hazijakamilika. Hakuna aliyekosea usiku ule. Mwenye kosa, ikiwa lazima atafutwe, ni ratiba yenye jina moja pale ambapo yangekuwa matatu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka wiki ya kawaida ya saa 45. Kwa daktari wa wilaya saa hizo huweza kuisha Alhamisi. Sheria hiyohiyo inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua pacha, na inampa baba siku 3, zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu kuzaliwa kwa mtoto. Kenya inampa baba wiki 2. Uganda siku 4 za kazi. Siku 3 zinatosha kumpeleka mke nyumbani kutoka wodini, kusajili kuzaliwa kwa mtoto na kupokea wageni. Haziwezi kumfundisha mwanamume kumwogesha mtoto mchanga, wala kumpumzisha mke aliyepasuliwa. Jambo hilo linasikitisha hasa kwa mtu wa fani hii, ambaye kila siku huwaeleza akina baba wengine kliniki umuhimu wa kumsaidia mzazi katika wiki 6 za kwanza. Anaujua ushauri kwa moyo na hana siku za kuutekeleza.

Mzigo anaouacha hubebwa na mama wa watoto, na katika familia nyingi za madaktari mama huyo naye ni mtumishi: muuguzi, mwalimu, mara nyingine daktari mwenyewe. Kanuni za utumishi zinatambua uhamisho wa kumfuata mwenza, na watumishi hubadilishana vituo kwa makubaliano. Kwa maandishi utaratibu huo ni mzuri. Kwa vitendo barua hupita kwa mkuu wa idara, kwa mkurugenzi, hadi TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, na halmashauri yenye upungufu haiachii mtu kirahisi. Familia hukaa nyumba mbili, tatu ukihesabu bweni, na mshahara uliokwisha kukatwa hulipa kodi ya pango mara mbili na nauli kila mwisho wa mwezi. Daktari mwanamke hupitia haya yote na zaidi, kwa kuwa yeye akiitwa usiku jamii humuuliza watoto kamwachia nani, swali ambalo mwanamume haulizwi. Pengine angeulizwa, mambo yangebadilika haraka zaidi.

Wapo wanaopunguza kwa makusudi: wanaokataa hospitali ya pili, wanaokubali nyumba isiyokwisha kujengwa kwa miaka mingi, wanaowasomesha watoto shule ya serikali ya hapohapo kijijini, isiyotoza ada, na kuwasimamia wenyewe jioni. Uamuzi huo unadharauliwa na wenzao na wakati mwingine na ukoo. Unastahili heshima kuliko unayopewa, kwa kuwa aliyeufanya amekiacha kipimo cha ng'ombe na ada akachukua kingine. Lakini haumfai kila mtu. Aliye na mtoto mwenye ulemavu anayehitaji shule maalumu, au wazazi wagonjwa, hana uhuru huo, na ni ukatili kumhubiria uchache.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya dawa haiko mikononi mwa daktari mmoja mmoja. Kitu cha kwanza kinachorudisha saa za baba ni daktari wa pili, na wa tatu, kwenye ratiba. Tanzania ilikuwa na njia yake ya kulitatua hili: kuanzia miaka ya 1960 iliwafundisha matabibu wenye uzoefu kuwa madaktari wasaidizi, na kwa miongo mingi wao ndio waliofanya sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi katika hospitali za wilaya, kwa matokeo mazuri. Kuongeza mikono inayoweza kushika kisu usiku ni sera ya afya ya mama, na ni sera ya malezi pia, ingawa haijawahi kuandikwa hivyo. Kitu cha pili ni posho ya kuitwa kazini inayolipwa kwa wakati; ikilipwa, mvuto wa jioni katika hospitali nyingine hupungua wenyewe. Cha tatu ni nyumba. Daktari anayeishi ndani ya uzio wa hospitali hula chakula cha mchana na watoto, huitwa na kurudi ndani ya saa moja, na hesabu za kukopa zinaweza kumaliziwa kati ya simu mbili. Anayepanga mjini, mwendo wa pikipiki nusu saa, akitoka ametoka.

Nyumba za watumishi hujengwa kwa fedha za serikali kuu, wafadhili, na mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo katika wilaya za pamba hutegemea kwa kiasi kikubwa ushuru wa zao hilo. Mwaka mbaya wa mvua au bei huonekana kwanza kwa mkulima, kisha kwenye makusanyo, kisha kwenye msingi wa nyumba uliosimama bila kuta nyuma ya kituo cha afya. Bajeti hiyo hujadiliwa na baraza la madiwani, likiwa na diwani wa kila kata, Shishiyu ikiwamo, kabla ya mwaka mpya wa fedha kuanza Julai 1. Ikama ya madaktari huombwa katika vikao vya msimu huohuo.